Maombi Yangu Yalivunja Posa ya Jesinta

Mimi ni nyanya wa miaka sabini na minne, mjane, na shule niliachia darasa la tatu. Lakini majina sisahau.

Siku hiyo jumuiya yetu ya Kikatoliki ilisali kwangu, hapa nje kidogo ya Malaba. Alikuwepo Mama Anastasia Asekenye, mwenyekiti wetu. Filomena Nekesa, jirani yangu. Mzee Wilfridi Etyang, katekista. Jesinta, mjukuu wa wifi yangu Veronika, akigawa chai. Na mgeni mmoja, Mama Nora Apio kutoka Tororo, ng'ambo ya mpaka... shangazi ya kijana aliyetaka kumwoa Jesinta. Alikuja kuangalia ukoo kabla ng'ombe hawajaletwa.

Veronika mwenyewe hakuwa anakanyaga kwangu. Mume wangu Silvesta alipofariki, huyo dada yake alisimama kando ya kaburi akasema mbele ya watu kwamba mimi ndiye nilimlisha kitu. Mimi! Sokoni nikaitwa mchawi. Akang'oa mkonge wa mpaka, akalima mpaka ndani ya muhogo wangu. Nililia... nani alinisikiliza?

Ndipo padri akatufundisha tuwaombee wanaotutesa. Basi nikamwombea. Kila jumuiya, kwa sauti, kwa jina! "Ee Bwana, msamehe Veronika, na ulimi wake huo." Akina mama wanaitikia, wananionea huruma. Wasomaji wangu, ilikuwa tamu! Nikajiona Mkristo aliyesamehe.

Siku hiyo nilijua vizuri Mama Nora ni nani. Nikapiga magoti, nikaomba kwa urefu kuliko siku zote. Nikamwambia Mungu amsamehe Veronika uongo wake, na kumnyang'anya mjane shamba, na asiwahesabie watoto wa nyumba ile uovu ulio kwa damu yao. Kwani Mungu hakuyajua? Nilikuwa namwambia nani?

Nilipofumbua macho, Mama Nora alikuwa ameweka kikombe chini, chai bado imejaa. Jesinta amesimama mlangoni na birika...

Ng'ombe hawakuja.

Veronika alinijia mpaka langoni. "Mke wa kaka, hongera! Umeniombea mpaka ng'ombe wakabaki Tororo."

Nikamjibu, "Kwani kuombea mtu ni makosa?"

Akacheka, halafu akakaa chini kwa vumbi. "Ungenichapa mimi. Huyu mtoto alikukosea nini?"



Nilivuka mpaka kumwambia Mama Nora kwamba yale hayakuwa maombi, yalikuwa kisasi, na Jesinta ni mtoto mzuri. Alininunulia soda, akasema pole, kijana ameshapeleka ng'ombe kwingine. Sasa Jesinta anafua mashuka kwa gesti huko Busia. Akija nyumbani, hapiti kwangu.

Nikaenda kwa Veronika nikapiga magoti. Alikuwa anapepeta simsim, hata hakuacha.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini ukiomba, jina langu litoe kwa mdomo wako."

Yule niliyemwita mtesi wangu ndiye alinisamehe kwanza!

Wenzangu, nawasihi, msamaha msiufanye fimbo. Adui yako mwombee ukiwa peke yako, mahali hakuna wa kukuitikia amina. Na ukiona maombi yamekuwa matamu mdomoni, nyamaza kwanza...

Anastasia, Filomena, Mzee Wilfridi, mlikuwepo. Kama nimekosea jina la mtu ama neno, nisahihisheni. Nitafurahi sana nikiambiwa sikuyasema yale.