Kiatu Ndani ya Friji

Kila siku akitoka shule, Kimya alivua viatu nje ya mlango, akaingia nyumbani kwao akinyata. Si kwamba alikuwa mwizi. Kaka yake alikuwa mwokaji wa mikate. Alifanya kazi usiku kucha, na mchana alilala fofofo chumbani, na ole wake ambaye angegongesha sufuria. Mama yao alipika katika kambi ya wajenzi wa barabara, mbali sana, na alirudi kwa nadra. Basi msichana huyu wa miaka kumi na mitatu alikula chakula kilichofunikwa mezani, akaosha sahani taratibu, akakaa. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza siku ilikwendaje.

Jina Kimya halikutokana na hayo. Alipewa na wenzake shuleni. Mwalimu wa sanaa alikuwa ametangaza kwamba siku ya kufunga shule kila kundi lingeonyesha filamu fupi, na kundi la msichana huyu lilimchagua yeye awe mwongozaji. Cheo kikampanda kichwani. Kabla ya kurekodi alipaza sauti, "Kimya!" Aliwaamuru hivyo waigizaji, akawaamuru wapita njia, na siku moja akamwamuru hata kuku aliyekuwa akitaga kwa amani zake. Mwigizaji mkuu alipokosea maneno, alimwita zumbukuku mbele ya wote. Wenzake wakatazamana, wakachukua mikoba yao, wakahamia makundi mengine. Walichomwachia ni hilo jina la utani na filamu isiyo na watu.

"Nitaimaliza peke yangu," alimwambia mwalimu, kidevu juu. Nyumbani alilia, lakini kwa sauti ya chini, asije akamwamsha kaka.

Kupiga filamu peke yako ni jambo la kuchekesha, ilimradi anayelifanya si wewe. Simu ilikuwa ya zamani, kaka aliiacha aliponunua nyingine, na kioo cha kamera kilikuwa na mikwaruzo, hivyo jua lilipoipiga, picha ilijaa ukungu. Kimya aliiegemeza kwenye vitabu juu ya kigoda, akabonyeza, akakimbia kwenda kukaa mbele yake, akaigiza, akakimbia kurudi kutazama. Ukuta ulionekana vizuri sana. Yeye mwenyewe alikuwa kama mtu aliyepigwa picha usingizini. Nje, upepo uliingia kwenye maikrofoni na kufunika kila neno, mpaka akaivalisha simu soksi. Soksi ilipoushinda upepo, simu ikamwambia kwamba nafasi ya kuhifadhi imejaa.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Msichana anaandaa vikombe viwili vya chai na kumsubiri mgeni. Mgeni anakawia, chai inapoa, na mwishoni mgeni anafika. Kimya hakumwambia mtu yeyote kwamba mgeni aliyemuwaza ni mama yake.

Kwa kuwa nyumbani kwao haikuwezekana kupiga hata chafya, alirekodi kwa jirani. Jirani huyo aliishi peke yake na aliuza barafu za matunda dirishani. Watoto wote walimwita Mama Barafu. Chumba chake kilikuwa na dirisha kubwa lililoingiza mwanga mzuri. Zaidi ya hapo, alikuwa mtu pekee mtaani aliyemwita Kimya "mwanangu". Alipoombwa aigize mgeni, alikubali hata kabla ya kuambiwa filamu ni nini.

"Niangalie wapi?" aliuliza.

"Popote, Mama, ila usiangalie simu."

"Mbona wewe unaiangalia?"

"Mimi ndiye ninayerekodi!"

"Haya, yaishe. Mgeni gani huyu asiyeruhusiwa kutazama."

Walitumia alasiri nzima kupata sentensi moja tu: "Nimechelewa, lakini nimekuja." Walicheka hadi Mama Barafu akashika mbavu. Kitu pekee kilichomkera Kimya ni friji, kubwa na kuukuu, iliyovuma pembeni bila kupumzika.

"Tuizime kidogo, Mama?"

"Thubutu! Fundi katoka kuitengeneza juzi tu. Acha ivume, nayo ni mwigizaji."

Basi mvumo ukaingia kwenye vipande vyote vya filamu vyenye mgeni.

Jumamosi Mama Barafu alikwenda hospitali kumuuguza dada yake, na alipanga kulala huko. Alimwachia Kimya ufunguo. "Malizia hivyo vikombe vyako," alisema. "Ukitoka, funga vizuri. Nitarudi kesho jioni."

Kimya akabaki chumbani peke yake. Alirekodi vikombe, mvuke wa chai, mikono yake ikikunja kitambaa. Mwanga wa dirishani ulikuwa ukisogea, na ilimbidi afanye haraka. Friji ilivuma. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumkataza, naye akaipapasa swichi ukutani na kuizima. Chumba kikatulia kiasi kwamba kijiko kilipogusa kikombe kililia kama kengele ndogo. Alifurahi mno. Alirekodi mpaka mwanga ukafifia, akafunga mlango, akaenda zake akiimba.

Asubuhi iliyofuata alivaa visikilizio ili asikilize kazi yake. Mwanzoni kabisa ikasikika sauti yake mwenyewe: "Haya, friji nimezima. Tunaanza."

Hakuwa ameiwasha tena. Alikimbia bila kuvaa viatu. Maji yalikuwa yametanda sakafuni mwa Mama Barafu, mekundu hapa, ya njano pale. Barafu zote zilikuwa zimeyeyuka ndani ya vifuko vyake, vingine vikivuja, na maziwa yalikuwa yameanza kutoa harufu. Kimya aliwasha swichi. Akapiga deki, akafuta rafu, akapanga vifuko kama alivyovikuta, akafunga mlango. Aliona mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mama Barafu aliporudi alikuta barafu zimegandiana na kuwa bonge moja lililopinda, na maziwa yamechacha.

"Friji inavuma, lakini vitu vimeharibika!" alishangaa. "Ina maana inajizima na kujiwasha yenyewe. Yule fundi kanichezea shere." Akamgeukia Kimya. "Mwanangu, Jumamosi ulipokuwa hapa, ilikuwa inavuma?"

Jibu lilitoka kabla hajalifikiria. "Ilikuwa inavuma, Mama."

Fundi aliitwa. Alikuja na mkoba wake, akafungua friji nyuma, akagusa hiki na kile, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mama, friji hii ni nzima."

"Nzima, na maziwa yamechacha?"

"Nakuapia, kifaa nilichoweka ni kipya."

"Kipya cha wapi? Labda ulikiokota!"

Wateja waliokuwa dirishani walisikia kila neno, na mtaa hauhitaji zaidi ya hapo. Habari ikazagaa kwamba fundi yule anaweka vipuri vibovu. Mwenye duka la nyama, aliyekuwa amepanga kumpelekea friji yake, akabadili mawazo. Kimya alimwona fundi akikatiza barabarani, mkoba begani, bila kumsalimu mtu.

Tangu hapo Kimya akawa anapita njia ya nyuma ili asionekane dirishani kwa Mama Barafu. Nyumbani, ukimya wa mchana ambao alikuwa ameuzoea ukawa haukaliki. Zamani alikuwa mpweke tu. Sasa alikuwa mpweke na mwenye hatia, na hakuwa na hata mahali pa kwenda kucheka. Mama yake alipopiga simu, alisema kila kitu ni shwari, akakata haraka.

Ilibaki kuunganisha filamu. Kompyuta ya shule ilikuwa ikiganda kila baada ya muda, na Kimya alijifunza kuhifadhi kazi kila alipovuta pumzi. Alipomaliza, alimwita mwalimu wa sanaa aitazame. Mwalimu aliangalia mpaka mwisho, kisha akarudisha nyuma.

"Picha ni nzuri, hasa vikombe," alisema. "Lakini hebu fumba macho usikilize."

Kimya akafumba. Mgeni anazungumza: mvumo. Kikombe: kimya. Mgeni: mvumo. Mikono: kimya. Sauti ilikatika na kurudi, ikakatika na kurudi.

"Unasikia? Ni kama mgeni yuko nyumba moja na vikombe viko nyumba nyingine," mwalimu alisema. "Mvumo huwezi kuuondoa kwa kompyuta hii. Dawa ni kuuongeza. Rudi kwenye chumba kilekile, rekodi friji ikivuma peke yake, mtu asiseme kitu. Halafu utautandika mvumo huo chini ya vikombe, na masikio yatadhani ni siku moja."

"Hakuna njia nyingine, Mwalimu?"

"Ipo. Kuonyesha filamu mbovu."

Kimya alikwenda kwa Mama Barafu akiburuta miguu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Ndani, friji ilikuwa imezimwa, mlango wake wazi, imeoshwa na kukaushwa, haina kitu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umepotea, mwanangu! Nilidhani umekuwa staa, umetusahau." Mama Barafu alitabasamu, lakini hakuwa na uchangamfu wake wa siku zote. "Unaiona? Kesho anakuja mtu wa vyuma chakavu kuichukua. Siwezi kuweka vitu vya watu kwenye friji inayolala na kuamka inavyotaka. Barafu basi tena."

"Lakini watoto watakuita nani?" Kimya aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Watanitafutia jina jingine."

Kimya alitazama swichi ukutani. Kama angesema anahitaji mvumo kwa ajili ya filamu, Mama Barafu angemwashia bila swali. Angerekodi, angeondoka, na kesho friji ingekwenda kukatwakatwa. Hakuna ambaye angejua. Aliwaza hivyo, kisha akaiacha swichi na kumgeukia Mama Barafu.

"Mama, friji haina ubovu," alisema. "Niliizima mimi."

Alieleza yote, tangu swichi hadi deki, na machozi yakamtangulia kabla hajafika mwisho. Mama Barafu alikaa kwenye kiti.

"Mimi nilikuuliza," alisema. "Ukanitazama machoni."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nitakusamehe. Nenda kwanza kamwambie fundi. Si umwambie sikioni. Umwambie pale penye watu."

Fundi alikuwa kibarazani kwenye karakana yake, pamoja na fundi viatu na wanaume wawili waliokuwa wakicheza bao. Kimya alisimama mbele yao, akasema. Sauti ilikauka katikati, akaanza upya. Fundi aliweka chini bisibisi.

"Binti, unajua usiku nimeifungua friji hiyo mara ngapi kichwani, nikitafuta kosa langu?" alisema. "Nilishaanza kuamini kwamba mimi ndiye nimeharibu." Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Au arudie?"

"Tumesikia," walisema. Mmoja akaongeza, "Tuwie radhi, fundi. Nami niliisambaza habari hiyo."

Fundi alichukua mkoba wake, akafuatana na Kimya. Mama Barafu alimpokea mlangoni akiwa amejifunga kanga vizuri, kama mtu aliyejiandaa kusema jambo gumu. "Fundi, nilikutukana bure. Naomba radhi."

"Yamepita, Mama. Lakini ulisema niliokota kifaa!"

"Nilisema. Neno hilo nimelifuta."

Fundi akawasha swichi. Friji ikashtuka, ikakohoa, ikaanza kuvuma. Kimya aliweka simu mezani, akasita. Safari hii hakupaza sauti. "Naomba tukae kimya kidogo," alisema, "tafadhali."

Wakakaa watatu, mikono mapajani, wakiisikiliza friji. Fundi alifumba macho kama mtu anayesikiliza wimbo wake. Hakuna aliyesema kitu, lakini Kimya hakuwa amewahi kukaa katika utulivu wa namna ile, uliojaa watu. Alitamani usiishe.

Alipozima simu, Mama Barafu alimvuta karibu. "Sikiliza, mwanangu. Kusahau friji si dhambi. Hata mimi nimeunguza maharage mara ngapi? Lakini nilipomtukana fundi nawe ukasimama unatazama, hapo hukuwa umesahau. Ungeniambia siku ileile, tungepiga deki wote wawili. Ulipoficha, kosa lako akalibeba mwingine, na wewe ukabaki peke yako na siri."

Kimya aliitikia kwa kichwa.

"Na siku nyingine ukizima friji ya mtu," Mama Barafu aliendelea, "vua kiatu kimoja, ukitie ndani. Tuone kama utafika nyumbani bila kukumbuka!"

Fundi alicheka mpaka akakaa tena.

Kesho yake Kimya alimwomba radhi mwigizaji aliyemwita zumbukuku. Mwigizaji huyo hakurudi kwenye kundi la Kimya, kwani alikuwa tayari na filamu nyingine, lakini alisema, "Sawa," na siku ya kufunga shule alikaa kiti kilicho kando ya Kimya. Kaka naye alikuja, macho mekundu kwa usingizi.

Filamu ikaonyeshwa ukutani. Chai ilipoa, msichana akasubiri, na mvumo ukapita chini ya yote bila kukatika. Hakuna aliyeutambua, jambo ambalo ndilo lililotakiwa. Isipokuwa mtu mmoja katika safu ya nyuma, aliyeshindwa kujizuia.

"Mnaisikia hiyo?" fundi aliwaambia majirani zake kwa sauti iliyoenea ukumbi mzima. "Hiyo friji nimeitengeneza mimi!"

"Nyamaza, fundi," Mama Barafu alimvuta shati. "Mgeni ndio anaingia."