Nusu Fungu la Damakase

Soko la Shola, Addis Ababa, lilifurika Jumamosi ile, na fungu la damakase, majani ya dawa, lilibaki moja tu. Meklit alilishika kwenye mashina. Majani yalishikwa na kijana mrefu mwenye sweta la kijani.

"Dada, mama yangu anaumwa," kijana alisema.

"Na mimi naumwa, kaka."

"Mbona macho yako yana afya tele?"

Meklit alicheka ndani ya netela, shuka jeupe alilojitanda hadi puani. Chini yake mdomo ulikuwa na malengelenge, yale yanayomrudia kila akipigwa na jua kali au akijaa wasiwasi. Waligawana fungu, na kijana, Natnael, akaondoka na namba ya simu ya Meklit.

Zikafuata simu ndefu, tamu.

"Umekula nini, malaika?"

"Shiro."

"Na mimi shiro. Basi tumekula pamoja."

Mdomo ukiwa mzima, walitembea chini ya mikaratusi ya mlima Entoto kama watu walio usingizini. Ukianza kumwasha, Meklit alipaka mapema dawa ya famasi, akatenga kikombe chake, akasingizia kazi. Kumwambia Natnael aliona aibu. Aliogopa kumpoteza.

Ndipo akaalikwa kwa mama yake Natnael, Bi Yeshimebet. Wasiwasi ukamponza: asubuhi mdomo ukawasha, mchana lengelenge likachomoza. Akaenda hivyohivyo, netela puani. Mama akakunja tonge la mkate wa injera na mchuzi wa kuku, akampelekea mgeni kinywani, heshima anayopewa mkwe. Meklit aliviona vile vidole: vingemgusa mdomo, kisha virudi kwenye sinia la wote. Akageuza uso.

"Nisamehe, mama. Siwezi."

Mama akalirudisha tonge kwenye sinia.

Natnael hakupiga simu siku nne. Ya tano alipiga, sauti kavu.

"Umemkataa mama yangu."

"Sikumkataa." Meklit akasema yote kwa mkupuo. "Mdomo wangu huota malengelenge, Nati. Yanapona, yanarudi. Niliogopa kumwambukiza. Sasa ukitaka kuniacha, niache."

Akamsikia Natnael anacheka polepole.

"Meklit, yale majani tuliyogawana, unadhani mama alikuwa anaumwa nini?"

"Hebu nipe hiyo simu," ilisikika sauti ya Bi Yeshimebet. "Mwanangu, mimi yananitoka tangu usichana. Jua lisikukute mdomo wazi, na yakiwasha tu, paka dawa. Ukipona, njoo. Tonge lako lipo."

Siku ya tisa Meklit alirudi, netela imeshuka mabegani. Mama alimlisha tonge la kwanza. La pili lilitoka mkononi mwa Natnael, kwa kuwa tonge moja halitoshi kwa mtu unayempenda.

"La tatu nitakulisha siku ya harusi yetu, mbele ya watu," alisema. "Utakubali?"

Meklit alitafuna huku machozi yanamtoka, akameza.

"Na siku hiyo mdomo ukiota?"

"Wageni watakula. Sisi tutangoja upone."