Nusu ya Wimbo wa Gesti

Mluzi ulitoka ndani ya tangi la maji. Bushra alikuwa ameinama uani akikinga ndoo, jua la Kiseke limeshazama na adhana ya Magharibi imemalizika punde, akausikia waziwazi: nusu ya wimbo, halafu kimya, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Akafunga koki. Maji ya kwenye ndoo yalinuka shombo, na maji yale yalikuwa ya bomba.

Wimbo aliujua. Ulikuwa wa gemu la zamani, lile ambalo mteja mmoja alimwachia marehemu baba wa Bushra, fundi redio wa Nyakato, pamoja na mashine yake mbovu, kisha asirudi tena kuichukua. Gemu la shujaa anayetembea kijiji hadi kijiji akitafuta mfalme aliyepotea. Shujaa akichoka anaingia nyumba ya wageni, kioo kinakuwa cheusi, na unapigwa wimbo mfupi, mtamu, wa kubembeleza. Bushra na mdogo wake Ally waliuita wimbo wa gesti. Watu wazima wakisikia watoto wanazungumzia wimbo wa gesti walikunja uso, na watoto wenyewe wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Wakakua nao, ukawa wito wao. Mmoja anapiga mluzi nusu ya kwanza, mwingine anamalizia. Sokoni, kituoni, popote. Mama yao, Mwanabaraka, alikataza kitu kimoja tu: mluzi baada ya Magharibi. "Gizani hujui nani atakuitikia," alisema. Nyumba zetu zote zinalijua hilo, na watoto wetu wote wanalipuuza.

Sasa Ally alikuwa kaburini, na arobaini yake imesomwa juzi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Haya ya Bushra hayakungoja ujukuu, yalizaliwa siku ileile ya kifo. Asubuhi yake Ally alikuwa amesevu safari yake juu ya safari ya dada yake, kwa bahati mbaya, akafuta miaka miwili ya kucheza. Utasema, ugomvi wa watu wazima kwa ajili ya gemu? Ndiyo, ni upuuzi, na upuuzi ndio unaotuua. Bushra alinuna, akabeba nguo kwenda kufua ziwani. Ally akamfuata, akakaa nyuma ya jabali, akapiga nusu ya kwanza. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Bushra akakung'uta shuka, akanyamaza. Akapiga tena, akanyamaziwa tena. Mara ya mwisho mluzi ulikatikia njiani, na Bushra akasema moyoni: afadhali, amechoka.

Wavuvi walimtoa majini alasiri. "Sikusikia kitu," Bushra alimwambia mama yake, na mama akaamini.

Basi mluzi ukawa unarudi kila Magharibi. Leo darini, kesho chini ya kitanda cha Ally, keshokutwa ndani ya sufuria iliyofunikwa jikoni, na kila ulipopita uliacha shombo ile na unyevu sakafuni, na kila ulipofika nusu ulinyamaza ukangoja, ukangoja mpaka Bushra akawa anauma kanga yake ili midomo isijisahau ikamalizia.

Jioni moja alimkuta mama yake ameketi kwenye mkeka, tasbihi mkononi.

"Mama, unausikia?"

"Nausikia."

"Unadhani ni yeye?"

"Si mwanangu huyo," mama alisema, bila kuinua uso. "Kesho namwita Ustadh Muharami."

Ustadh alitoka Kisesa, akafika mchana, mzee mpole wa kikohozi. Bushra akamwamkia, mzee akaitika marahaba, akaomba makaa ya udi. Alisoma chumba kwa chumba akinyunyiza maji kwenye pembe. Mama alipotoka kuongeza makaa, ustadh akapumzika kidogo.

"Mama yako anashikilia kwamba si Ally. Mmejuaje, binti?"

"Huyu anapiga sawasawa, ustadh. Ally alikuwa na pengo la jino. Pale wimbo unapopanda, pumzi ilimponyoka, ikatoka fyuu. Hapo hakuwahi kupatia hata siku moja."

Mkono wa ustadh ulisimama hewani. Darini kitu kizito kilijigeuza, polepole, kama mtu anayelala vizuri ili asikie.

"Hilo ungelininong'oneza nje," alisema taratibu. "Sijamaliza kusoma. Bado kimo humu, na kina masikio."

Akasoma upya mpaka kanzu ikalowa jasho. Alipoaga hakumtazama Bushra usoni. "Kikiita, asijibu mtu. Mlango usifunguliwe. Jini akiitikiwa amekaribishwa, na aliyekaribishwa mimi simtoi."

Magharibi ikaingia. Tangi kimya, dari kimya, sufuria kimya. Bushra alikuwa ameanza kushukuru pale mluzi uliposikika nje ya mlango wa mbele, chini, dhaifu, wa mtu aliyetoka mbali akiwa na nguo mbichi mwilini, ukapanda taratibu mpaka pale unapopanda, na pale unapopanda pumzi ikaponyoka, fyuu.

Kikombe kikamtoka mama mkononi. "Ally," alisema, akainuka.

Bushra akamkamata mkono. "Mama, si yeye. Nimekifundisha mimi. Leo mchana nilimweleza ustadh habari ya pengo, kikasikia."

"Niache. Hiyo pumzi ya mwanangu."

"Si yeye, mama."

"Utajuaje wewe?" Mkono wake ulishafika kwenye komeo.

Hapo Bushra hakuwa na njia nyingine. "Kwa sababu mluzi wake wa mwisho niliusikia ukikatika," alisema kwa sauti ya chini. "Kule majabalini. Aliniita, mama. Aliniita tena na tena, na mimi nilikuwa nimenuna."

Mkono wa mama ukateremka. Maji yalikuwa yanapenya chini ya mlango, yakitafuta miguu yao, na nje mluzi ukaanza upya, bila haraka, fyuu, ukafika nusu, ukangoja.

"Uliniambia hukusikia kitu."

"Niliogopa."

Mama hakumpiga, hakulia. Alizunguka nyuma ya mwanawe aliyebaki, akamshika mabega kwa mikono yote miwili, akamgeuza kuelekea mlangoni.

"Basi leo mjibu," alisema.

Bushra akakusanya midomo, akamalizia wimbo. Nje kukawa kimya. Kisha komeo likaanza kuvutika lenyewe, taratibu, kwa ndani, na mikono ya mama bado ilikuwa mabegani mwake.