Betri Iliyokataa Chaji

Orest na mkewe Marusia waliishi kwenye gari-nyumba lao kando ya ziwa, kaskazini mwa Alberta. Kila asubuhi Orest alichemsha kahawa, akakaanga kwa vitunguu pirohi zilizobaki jana, vile vidonge vya unga vyenye viazi ndani, kisha akaangalia mashine ya oksijeni ya mkewe. Mapafu ya Marusia yalikuwa dhaifu. Mashine ikizimika, baada ya muda mfupi midomo yake hubadilika rangi.

Mashine ilitumia betri mpya za lithiamu. Orest alizifunga mwenyewe, nje, chini ya sakafu, pale zilipokaa zile za zamani.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ilifika nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kipimo kilionyesha chaji asilimia tisa. Orest akawasha jenereta, akaunganisha chaja. Chaji haikuingia. Asilimia nane. Saba.

Akachukua bisibisi. Alisema kuna kifaa ndani ya betri kinachozuia chaji, naye atakiruka kwa waya, umeme uingie moja kwa moja. Marusia alimsihi amwite kwanza Noreen, jirani yao, fundi wa umeme wa magari ya mgodini. Orest akatoka na bisibisi yake. Marusia akapiga simu mwenyewe.

"Mume wangu anaona bora afe kuliko kuuliza," alimwambia Noreen. "Na atakayekufa ni mimi."

Noreen alimkuta Orest amelala kwenye theluji chini ya gari, waya mkononi.

"Weka chini huo waya, mzee."

"Mke wangu anaishiwa pumzi."

"Najua. Jenereta si inanguruma? Chomeka mashine ya mama moja kwa moja kwenye jenereta."

Jambo hilo halikuwa limemjia Orest kabisa. Walipitisha waya mrefu dirishani. Mashine ilizimika walipoihamisha, na kwa sekunde chache Marusia alimtazama mumewe bila kupepesa macho. Kisha ikaanza tena kuvuma.

Ndipo Noreen akamweleza.

"Betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri inaweza kutoa umeme, lakini usiiingizie. Ukiilazimisha inaharibika ndani kwa ndani, wala huoni kitu. Siku nyingine inaweza hata kuwaka moto. Kile kifaa ulichotaka kukiruka ndicho kinachoilinda."

Orest aliuliza kama angezimwagia betri maji ya moto. Noreen alikataa: si maji ya moto, wala moto wenyewe. Betri ipate joto polepole.

Walizihamishia betri ndani ya gari, kwenye kasha chini ya kitanda, penye joto la hita. Walisubiri hadi alasiri. Kipimajoto cha betri kilipopanda hadi nyuzi kumi juu ya sifuri, Orest akawasha chaja. Saba ikawa nane. Kufikia jioni, sitini.

Februari baridi ilizidi, nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri. Orest alisoma kipimajoto cha betri kwanza, kisha akaunganisha chaja. Marusia alilala hadi saa mbili asubuhi, akipumua vizuri.