Miguu ya Bulonza

Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ilipokwisha na majembe kurudishwa, Colombe alinawa mikono hadi viwikoni, akavaa blauzi nyeupe, akapanda kilima cha Kasha kwenda zahanati. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alitaka kuwa daktari. Hakumficha mtu.

Mwalimu Adalbert, aliyewafundisha biolojia, alisema udaktari hausomwi katika daftari peke yake. Mwenye kuutaka atafute kazi nje ya darasa. Basi wengine wakajifunza huduma ya kwanza, wakafungana bendeji hata vichwa vizima. Wengine wakachemsha mifupa ya mbuzi, wakaanza kuiunga kwa waya ili isimame tena. Colombe alifanya yote hayo, na juu yake alipima watoto wachanga.

Aliyemfundisha kupima alikuwa muuguzi mzee, Papa Cyprien.

"Kwanza kilo," alimwambia. "Kisha toa soksi, bonyeza mguu kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu. Kidole kikiacha shimo, ni maji. Hiyo ndiyo bwaki, ugonjwa wa mutoto anayeshiba muhogo bila maharagwe wala samaki. Maji inaweza kudanganya mizani, Colombe. Kidole haidanganywi."

Colombe aliandika kilo kwenye karatasi ya kila mtoto, kisha hali ya miguu, kisha jina lake.

Jumamosi moja ya mvua mstari ulikuwa mrefu. Alphonse, mwanafunzi mwenzake, akachungulia mlangoni.

"Docta, mbuzi anakungoja! Tumefika miguu ya nyuma. Ukichelewa naitia mimi, na inspekta wa shule atamuona anatembea kinyumenyume!"

Akina mama wakacheka. Colombe akaanza kuharakisha.

Zamu ikawa ya Mama Bulonza, mwanamke kijana aliyezaa mara moja tu. Bulonza, mwenye mwaka mmoja na nusu, akawekwa kwenye mizani, akaning'inia na soksi zake nyekundu za sufu. Alikuwa ameongeza nusu kilo.

"Angalia mashavu!" mama yake akasema. "Mama mukwe anasema sijui kulea. Leo nitamuonyesha karatasi!"

Colombe alizitazama zile soksi. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba, na kamba ilikuwa imelowa. Mtoto amenona, alijiambia, miguu itakuwa na nini? Akaandika: *Miguu: sawa.* Akatia jina lake, akawapima waliobaki, akakimbilia shuleni.

Kwa furaha ya karatasi ile, Mama Bulonza alimpeleka mtoto Kalehe, kumwonyesha bibi yake mzaa mama. Wakakaa wiki tatu. Walipofika tena Kasha, nywele za Bulonza zilikuwa zimegeuka nyekundu, ngozi ya miguu inabanduka, na mtoto hana nguvu hata ya kulia. Papa Cyprien alimpa maziwa kwa kijiko siku mbili, usiku na mchana. Jumatano asubuhi Bulonza akafa.

Colombe alipata habari Jumamosi, kutoka kwa wanawake waliokuwa kwenye mstari.

"Banasema mama ndiye alimuua," mmoja alinong'ona. "Ati alishika mimba ingine mbele ya mutoto kutembea. Mama mukwe anataka kumurudisha kwao."

Papa Cyprien alikuwa mezani, anamalizia barua ambayo Mwalimu Adalbert aliiomba, ya kumsifu Colombe kwa wakubwa wa shule. Kando yake palikuwa na karatasi ya Bulonza.

"Inanishangaza," mzee alisema. "Hapa miguu ilikuwa sawa. Basi ugonjwa ulikuja mbio sana."

Ingetosha kunyamaza. Mzee alikuwa ameshapata jibu, na barua ilibaki kutiwa sahihi tu. Lakini mwanamke mmoja angefukuzwa na mimba yake.

"Papa, sikubonyeza," Colombe alisema. "Sikutoa hata soksi."

Papa Cyprien aliweka kalamu chini.

"Usiniambie mimi peke yangu," alisema. "Twende."

Nyumbani kwa mama mkwe, Mama Bulonza alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Mama mkwe alikaa kitini, amempa mgongo. Colombe alipiga magoti, akasema yote: mstari, mbuzi, soksi, uongo alioandika.

"Ni kweli?" mama mkwe aliuliza.

"Ni kweli, mama," Papa Cyprien alijibu. "Na mimi niko na kosa, nilimuachia mutoto kazi ya mukubwa. Lakini mimba haileti bwaki. Bwaki ni chakula. Kabla ya kwenda Kalehe, mukwe wako alileta mutoto kila Jumamosi, hata kwa mvua. Sisi ndio hatukuangalia."

Yule mama mkwe akashuka kitini, akaketi mkekani karibu na mkwe wake, akamshika mkono. Habari ya kumfukuza haikutajwa tena.

Mama Bulonza hakumtazama Colombe.

"Alipenda kupimwa," alisema polepole. "Alikuwa anacheka akining'inia."

Njiani Colombe alilia mpaka kikohozi kikamshika.

"Papa, angepona?"

"Sijui, na sitakudanganya. Ila tungekuwa na wiki tatu, na wiki tatu ni nyingi." Mzee alisimama. "Barua sitaitia sahihi mwaka huu. Utarudi Jumamosi, utabonyeza miguu na mimi nikiwa kando yako. Umesema kweli, na kweli imemuokoa yule mama. Mutoto haitamurudisha. Utabeba yote mawili."

Colombe aliitikia kwa kichwa.

"Sikia, binti yangu. Andika kile mukono wako umegusa. Kile haujagusa, acha nafasi yake wazi. Mutu mwingine akiona nafasi wazi, atatoa soksi aangalie. Lakini ukishaandika *sawa*, hakuna atakayeangalia tena."