Chupa ya Chai ya Mama Mwenye Mtoto

Uvumi huo Shangazi aliusikia saluni, kichwa kimefungwa taulo, masikio yako wazi.

Walikuwa wanasema kuna mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, hupanda mabasi ya kwenda kivukoni. Hana makuu. Anakuomba tu umshikie chupa yake ya chai. Ukiishika, umekwisha. Kijana wa fundi cherehani aliishika, sasa yuko rumande, na mama yake hashoni tena, anashinda kitini na kitambaa cha mteja magotini. Msusi alicheka, akauliza tangu lini chupa ya chai ikamfunga mtu. Shangazi naye akacheka. Lakini maneno yale yalimganda kama kupe, akaondoka nayo mpaka nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo.

Maana Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Hilo lilikuwa jina lake la kazi. Wenzake wa idara ya siri walimpa kwa utani, kwa kuwa hakuna amtiliaye shaka mama mnene mwenye kikapu cha kufuma.

Ndani ya kikapu, chini ya sweta lisiloisha mwaka wa tatu, ililala bastola, Glock 26.

Alimpelekea Mkuu wake uvumi ule. Mkuu hakucheka. Chupa ya yule kijana ilikutwa na nyaya chini ya kitako chake. Kulikuwa na mtu, hakuna aliyeijua sura yake, ofisini wakimwita Mgeni. Alitaka ghala la mafuta la kisiwani liteketee, ili kisiwa kizima kinunue mafuta kwake kwa bei ya kuruka. Vipande vya bomu vilikuwa vinavushwa kidogo kidogo, mikononi mwa watoto wa watu wenye adabu zao.

Asubuhi moja Nokia ndogo ikalia.

"Chai imeiva," Mkuu alisema.

"Naleta kikombe."

"Basi la kwanza. Usimguse mtu. Chupa ifike mkononi mwa Mgeni, ndipo tukamate."

"Na atakayeibeba?"

Simu ilikwisha kukatwa.

Basi lilikuwa Scania kuukuu, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka ikijisikia. Shangazi alitaka dirishani ili auone mlango. Kiti cha dirishani kilikuwa na binti mmoja, begi miguuni, kifurushi cha biskuti mapajani.

"Shikamoo, Shangazi," binti alisema, kama vijana wanavyomwita kila mama wa umri ule.

"Marahaba, mwanangu. Nipishe dirishani hapo, mimi nikikaa ndani nasikia kizunguzungu."

Uongo mtupu. Binti alihama bila kununa, akampa na biskuti.

Njiani alisema yote, maana hakuwa na la kuficha. Alikuwa anakwenda kisiwani kuanza kazi ya udobi katika hoteli. Kivuko hajawahi kukipanda, bahari ameiona kwenye kalenda tu. Alikwenda kuangalia picha za hoteli kwenye simu ya rafiki yake, akaona kila kitanda kina mashuka meupe.

"Meupe yote, Shangazi. Mtu mwenye akili angeweka ya kahawia."

Shangazi alicheka mpaka hereni ikamchoma shingoni. Hereni ile ndiyo iliyokuwa redio yake. Alimtazama binti alivyokuwa akisokota kifungo cha blauzi wakati wa kusema, akamwona binti yake mwenyewe, aliyemwacha nyumbani amelala mdomo wazi. Rika moja. Kifungo kile kile.

Basi lilisimama kituo cha mafuta, watu wakashuka kujisaidia.

Mama mwenye mtoto akapanda.

Kitenge kimefungwa vizuri, mtoto mgongoni, begi la nepi begani, mkononi chupa nyekundu ya chai yenye maua. Alipita katikati ya viti akitafuta. Kijana mmoja mwenye vidude vya muziki masikioni akajifanya amelala. Mama akamfikia binti.

"Dada, nishikie na hii tu. Mikono imeniisha."

Binti alitazama biskuti zake, begi lake, mapaja yake yaliyojaa. Akasita.

Macho ya yule mama yakaanza kugeuka kuelekea mlangoni. Mwenye hila kama yeye hasubiri mara mbili. Akishuka, chupa inashuka naye, Mgeni anapotea, kazi ya miezi inakwenda na maji.

Mkuu, aliyekuwa anasikiliza yote, akanong'ona herenini: "Asishuke. Nasema asishuke."

Shangazi akafungua mdomo. Maneno yalitoka yenyewe, laini, ya kila siku, maneno anayoyasema kila mama.

"Mpokee mwenzio, mwanangu. Huoni ana mtoto mgongoni?"

Binti akaona haya, akapokea.

Ndiyo hivyo tu. Hakumtishia, hakumfunga kamba. Alimwambia awe na adabu.

Kuanzia hapo Shangazi hakuila tena biskuti. Alijidai anapangusa vumbi kwenye chupa, akabandika kitakoni kijikaratasi mfano wa kibandiko cha bei. Kijikaratasi kile kilikuwa kinamwonyesha Mkuu kila hatua ya chupa.

"Chai ya huyu mama nzito," binti alisema akiipakata. "Na wala haichezi ndani. Amepika uji?"

Neno hilo Shangazi angelishika palepale. Akaliacha lipite. Alikuwa anasikiliza dhambi yake, hakusikia kazi yake.

Kivukoni jua lilikuwa la utosi. Abiria walipanga foleni kwenye geti la chuma, mbele yao mkaguzi mwenye glovu akifungua kila begi. Yule mama akamgusa binti bega, akamwambia atangulie, yeye anampeleka mtoto chooni kubadilishwa nepi, atamkuta ndani. Binti akasema hakuna shida, dada.

Mkaguzi alimfikia. Akaitazama chupa nyekundu. Kisha akamtazama Shangazi nyuma yake, na Shangazi akakohoa mara moja, kama Mkuu alivyowapanga.

"Pita," mkaguzi alisema.

Binti akageuka anatabasamu. "Umeona, Shangazi? Mama anasema mwenye uso wa heri hafunguliwi begi."

Jamani. Afadhali angemzaba kofi.

Kivuko kikapiga honi, kamba zikafunguliwa, maji yakaanza kuchemka kijani nyuma. Mbele kisiwa kilionekana chote: minazi, mchanga mweupe, mapaa ya mabati, na kando ya gati lake matangi makubwa ya mafuta, yamepakwa fedha, yanang'aa kama sufuria zilizosuguliwa. Bomba lake lilipita chini ya gati lenyewe. Abiria walijaa ukingoni, wanapiga picha.

Shangazi alimtafuta mama mwenye mtoto. Sitaha ya chini, hayuko. Ya juu, hayuko. Chooni, hayuko.

Akatazama nyuma.

Mama yule alikuwa bado gatini, bara, mtoto mgongoni, amesimama kivulini anakitazama kivuko kinavyokwenda zake. Hana haraka. Hana chupa.



Mwenye mzigo haachi mzigo wake. Ila kama hautaki tena.

Nzito. Haichezi ndani. Mgeni alikwisha kuacha habari ya vipande. Hili lilikuwa bomu zima. Mgeni hakuwa anaingoja chupa aipokee. Alikuwa anangoja kivuko kifike kwenye gati lile, juu ya bomba lile, na binti mwenye uso wa heri ameipakata.

"Mkuu," Shangazi alisema kwenye hereni. "Mama amebaki. Chupa ni bomu. Naichukua."

"Hatuna uhakika. Usiguse. Mgeni bado hatujamwona."

"Kuna watoto humu."

"Shangazi, hiyo ni amri. Usi—"

Alitoa kopo lake la poda, akalifungua, akabonyeza kioo. Kopo lile liliziba mawimbi yote ya simu na redio kuzunguka kivuko. Hereni ikafa. Abiria wakaanza kulalamikia mtandao.

Binti alikuwa amekaa juu ya sanduku la maboya, chupa kifuani.

"Mwanangu, nipe hiyo."

Binti akaikumbatia zaidi. "Shangazi, samahani. Si yangu. Nimewekeshwa. Mwenyewe akija nitamwambia nini?"

"Mwenyewe haji."

"Atakuja. Ana mtoto."

"Nipe, nakwambia."

"Sitoi amana ya mtu," binti alisema, sasa amesimama. "Mama yangu hakunilea hivyo."

Shangazi angeweza kumpokonya. Alikuwa amefundishwa kuvunja vidole vya wanaume wenye misuli. Lakini chupa isingestahimili mieleka, na mbele gati lilikuwa linakua. Watu wazima walikuwa wameanza kubeba mabegi yao.

Hapakuwa na uongo uliobaki wenye kufaa. Ukabaki ukweli, nao ulikuwa mchungu kama shubiri.

"Nisikilize. Humo mna bomu. Yule mama nilimjua kabla hajapanda. Nilikuja ndani ya basi kwa ajili yake. Wewe ulisita, mimi nikakwambia umpokee, na nilijua unapokea balaa. Mkaguzi alikuacha kwa sababu mimi nilikohoa. Uso wako haukuhusika."

Binti alimtazama. Kitu kilitoka machoni mwake, hata Shangazi akakiona kinatoka.

"Ulijua," binti alisema.

"Nilijua."

Akanyoosha mikono. Akampa chupa, taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

Shangazi alikimbia mpaka nyuma ya kivuko, unene wote ule, kikapu kinampiga kiunoni. Akaitupa chupa mbali kadiri mkono ulivyojaliwa. Ikazama, ikaibuka, maua yake yakabaki nyuma yakicheza kwenye povu.

Ndipo akaiona boti.

Nyeupe, injini ya Yamaha, imejificha upande wa jua karibu na gati la kisiwa. Ndani yake mtu mmoja mwenye miwani myeusi, ameiona chupa ikitupwa, amenyanyua simu, anabonyeza. Anaitazama simu. Anabonyeza tena, kwa hasira, kama mtu aliyeliwa salio.

Chupa ikazidi kuachwa nyuma. Ikatoka nje ya nguvu za lile kopo la poda.

Akabonyeza tena.

Bahari ikapasuka. Nguzo ya maji ikapanda juu kuliko mlingoti, ikaanguka, ikawalowesha wote waliokuwa nyuma. Watu walilala chini, mabegi yakaviringika. Kivuko kikayumba kama mlevi, kikasimama imara.

Yule wa boti akatupa simu, akashika usukani.

Shangazi alikwisha kupiga goti moja. Sweta likaanguka, sindano za kufumia zikatawanyika. Glock ikalia mara moja. Yamaha ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza.

Boti mbili za polisi zikatoka nyuma ya matangi.

Akafunga kopo la poda. Hereni ikafufuka na matusi ya Mkuu, yakaisha, ikafuata pumzi ndefu.

"Tumempata Mgeni," Mkuu alisema. "Na yule mama tumemzingira huku. Mtoto si wake. Alimwambia mama mmoja stendi, nikushikie mwanao ukakate tiketi."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Mamaye amekwisha kuja."

"Na kijana wa fundi cherehani?"

Mkuu akageukia habari ya ripoti.

"Mkuu. Kijana wa fundi atoke leo. Mwambie mwenyewe mama yake, kwa miguu yako. La sivyo ripoti yangu itaanza na kile kikohozi cha getini."

"Atatoka," Mkuu alisema.

Kivuko kikagusa gati taratibu, juu ya bomba, chini ya matangi yaliyotulia. Shangazi aliokota sweta lake, akalikamua maji, akashuka kama abiria yeyote anayekwenda kusalimia ndugu. Mchanga ulikuwa mweupe kweli, kama mashuka ya hoteli.

Binti alikuwa mbele yake. Hakumsubiri. Hakumuaga.

Palepale penye ngazi alikuwako bibi mmoja, mkongojo mkono huu, kikapu cha ndimu mkono ule, anashindwa kupanda. Akamwona binti.

"Mjukuu wangu, nishikie kidogo."

Binti akaificha mikono yake nyuma ya mgongo. Akasimama hivyo, machozi yanamtoka, halafu akapita.

Ni Shangazi aliyekibeba kile kikapu. Zilikuwa ndimu tu. Alizihesabia macho moja moja, na kila moja ilikuwa ndimu.

Alipomfikisha bibi, akavaa miwani yake, akatembea kuelekea barabarani bila kugeuka. Simu ikiwa sikioni, akampigia binti yake, yule aliyemwacha amelala. Yeye naye alikuwa na safari wiki ijayo. Hakumsimulia kitu. Alimtajia tu mambo haya, polepole, akamtaka ayarudie:

Usishike chupa, begi wala bahasha ya mtu usiyemjua, hata kama ana mtoto mgongoni.

Usimpe mtu mtoto wako akushikie stendi, hata kama unakata tiketi.

Usitangulie na mzigo wa mtu kwenye geti. Mwenye mzigo apite na mzigo wake.

Usione haya kumwuliza mwenye chupa aifungue, anywe yeye kwanza.

Ukiona mwenye mzigo amebaki nyuma, uweke chini, ondoka, piga kelele.

Mtu mzima akihitaji msaada, mwite mhudumu, mzigo mbebe pamoja, macho ya watu yakiwapo.

Na mtu yeyote akikuambia "mpokee mwenzio", mtazame kwanza yeye anayesema. Hata akiwa mama. Hata nikiwa mimi.