Dakika ya Kusikiliza

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili asubuhi, kwenye Nokia ndogo isiyo na kamera.

"Nguo zimelowa. Anua kabla ya saa nane mchana."

Shangazi aliusoma mara moja, akaufuta, akamalizia kupiga mswaki.

Nguo ni mtu. Kulowa ni kupotea. Saa nane ni saa nane.

Katika idara ya ujasusi walimwita Shangazi kwa sababu alihoji watu kama shangazi anayemchunguza mchumba wa mpwa wake: bila haya na bila kuchoka. Mkuu wake aliitwa Mjomba. Mwenzake wa kazi aliitwa Shemeji. Ukoo mzima wa watu wasio na undugu.

Shemeji hakuwepo tena. Miaka miwili iliyopita aliingia msituni ng'ambo ya mpaka akiwa na redio moja. Ikanyamaza. Shangazi aliisikiliza siku tisa. Siku ya kumi Mjomba alimwambia azime mtambo.

Akauzima.

Tangu hapo ukimya kwake haukuwa mtupu. Ulikuwa na mtu ndani.

Alimpigia Mjomba akiwa tayari kwenye Land Cruiser, mguu kwenye mafuta.

"Nani kapotea?"

"Binti wa miaka ishirini na sita. Mpimaji, ofisi ya ramani. Alichukua likizo akaenda kupiga kambi mlimani peke yake. Leo siku ya nne."

"Tangu lini tunatafuta wapanda milima?"

"Tangu huyu alipomwandikia mama yake. Nakusomea: 'Mama, nimekuta kiwanja cha ndege ambacho hakimo kwenye ramani yetu. Nikirudi nakichora.' Baada ya hapo simu ikazima."

"Au ikazimwa."

"Ndiyo maana nimekuamsha. Kuna ndege leo saa nane inashusha makombora ndani ya msitu huo. Yale ya kubeba begani. Moja linaangusha ndege ya abiria, na yako ishirini na manne."

"Droni?"

"Zimepita mara sita. Zinaona majani matupu. Aliyekiona hicho kiwanja ni yeye peke yake. Na msako unafungwa saa sita."

"Nani kaamua?"

"Kiongozi wa wapanda mlima. Wanamwita Kocha. Kila mtu anamsifu."

"Basi nitaanzia kwake."

Langoni mwa hifadhi mama wa binti alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mfuko wa nguo safi umelala mapajani. Alikuwa amezipiga pasi. Mtu hapigi pasi nguo za maiti, Shangazi aliwaza. Au hupiga.

Alichuchumaa mbele yake.

"Wifi, habari za tangu siku ile."

Mama alimtazama kuanzia buti hadi kilemba.

"Marehemu mume wangu hakuwa na dada."

"Leo anaye."

Mama hakuwa mjinga.

"Unamtafuta mwanangu, au unatafuta hicho alichokiona?"

Swali hilo Mjomba asingelipenda.

"Vyote viwili."

"Ukilazimika kuchagua?"

"Wifi, nishikie mkoba."

Kocha alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kusalimia msiba. Watu ishirini wa kujitolea walimzunguka kama vifaranga. Alimpa Shangazi mkono wa pole, kwa mikono miwili.

"Shangazi wa binti? Pole sana. Lakini mlima huu haubembelezi watu wazima. Baki hapa na wifi yako."

"Nimezika watu wengi, mwanangu. Kupanda kilima hakunishindi."

Watu wakacheka. Kocha naye akacheka, kwa kuchelewa.

Walipanda kwa mstari, hatua kumi kati ya mtu na mtu. Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu wake. Kila mita mia mbili, Kocha alipuliza filimbi mara tatu. Wote wakaita jina la binti kwa pamoja. Kisha dakika moja ya kusikiliza. Kofia zinavuliwa. Midomo inaachwa wazi kidogo, maana taya likilegea sikio linafunguka. Sisimizi akikuuma, umwache aume.

Dakika ya kwanza Shangazi alisikia matone. Akasikia ndege mmoja akikohoa juu ya mti.

Akamsikia na Shemeji, kama kawaida yake. Si maneno. Ule mkwaruzo wa redio kabla mtu hajasema.

Akafumbua macho ili amkimbie.

Ndipo alipomwona Kocha akichomoa vishonanguo vilivyonasa kwenye suruali yake. Kimoja kimoja. Kwa utulivu wa mtu anayengoja foleni ya kinyozi.

Labda kachoka, Shangazi akajiambia. Siku tatu si mchezo.

Dakika ya pili, kishonanguo. Ya tatu, alifunga kamba ya buti. Ya nne, alitazama kucha. Kila mara aliwapa sekunde sitini kamili, na kila mara hakusikiliza hata moja.

Saa tano walifika ukingo wa magharibi. Chini yake kulikuwa na bonde refu, kijani kibichi, limefunga kama kifuniko cha sufuria.

Hapo Kocha alipuliza filimbi kama anayepoza chai. Watu wakaita. Wakanyamaza.

Safari hii hakugusa suruali. Shingo ilimgeukia bondeni, mishipa imesimama.

Akapiga makofi.

"Twendeni, jamani. Huku hakuna kitu. Tumefanya la kibinadamu."

Shangazi alitazama saa yake ya Casio. Sekunde kumi na tisa.

Kule kote Kocha alikowaachia dakika nzima, alijua hakuna wa kujibu. Hapa aliwakata. Binti angekuwa amekufa, Kocha angewaachia dakika yao yote.

Yu hai.

Yuko chini.

"Kocha," aliita, akikaa juu ya jiwe. "Kifundo kimegoma. Tangulieni, nitajikokota."

"Nilisema mimi." Kocha alitikisa kichwa. "Tofali, baki na shangazi. Usimwache apotee na yeye."

Tofali alikuwa na mabega ya mlango na uvimbe kiunoni ambao haukuwa tonge la mafuta. Shangazi alingoja mstari upotee nyuma ya miti.

"Nishike mkono, baba. Uzee huu."

Tofali akamshika. Kalamu yenye sindano ya usingizi ikamwingia chini ya kwapa.

"Mama, umenichoma..."

"Najua. Kaa chini usije ukaanguka."

Akalala kama jina lake. Shangazi alimvua bastola, akamfunga mikono kwa kamba ya plastiki, akamgeuza ubavu asije akapaliwa. Kisha akatoa tochi iliyokuwa na kazi nyingine. Mbele haikuwa na taa, ilikuwa na kinasa sauti. Akaielekeza bondeni, akaingiza vipokezi masikioni.

Akajipa dakika nzima.

Ilikuwa dakika mbaya. Upepo. Majani. Mkwaruzo. Shemeji alikuwa hapo, karibu kabisa, na Shangazi alitaka sana kuzima.

Hakuzima.

Sekunde ya arobaini na moja.

Tok.

Tok, tok.

Chuma. Mtu anapiga chuma, bila nguvu, bila kukoma.

Akampigia Mjomba kwa Thuraya, simu ya setilaiti.

"Mjomba. Bonde la magharibi. Kiwanja kiko humo, na yeye yumo."

"Kikosi kinakwenda kwa barabara, hakifiki kabla ya saa tisa. Natuma helikopta."

"Ikisikika tu, binti atauawa kwanza."

"Kazi ni ndege, Shangazi. Binti baadaye."

"Ulisemaje?"

"Nimesema binti baada..."

"Mtandao unakatika."

Akakata simu na kuanza kuteremka.

Ilimchukua saa mbili, nusu kwa miguu na nusu kwa makalio. Alipofika chini walikuwa wanakunja nyavu. Nyavu za kijani zilizoshonewa majani, upana wa barabara, urefu usioisha. Chini yake udongo umeshindiliwa, sawa kama meza. Watu wawili wenye bunduki za AK. Boza la mafuta, tayari kuijaza ndege. Kontena la bluu pembeni.

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Boza lilikuwa kushoto. Kuliweka katikati ya kiwanja kungemaliza kazi, na kungewaleta wenye bunduki moja kwa moja kwenye kontena.

Akaenda kulia.

Komeo halikuwa na kufuli. Ndani kulinuka kutu na mkojo. Binti alikuwa sakafuni, mikono nyuma, utepe wa gundi mdomoni. Kiatu kimoja kilikuwa kimechanika kisigino, na kisigino chenyewe kilikuwa damu tupu. Ukuta mbele yake ulikuwa umebonyea.

Shangazi alibandua utepe kwa mkupuo mmoja. Polepole huuma zaidi.

"Mama yako yuko langoni. Usilie sasa, utalia baadaye. Unaweza kutembea?"

"Siku tatu wananiuliza nimemwambia nani." Sauti ilikuwa ya karatasi. "Nimesema sina mtu."

"Umefanya vizuri. Unaendesha lori?"

"La ofisi. La gia nzito."

"Boza lile pale ni binamu yake."

Walitoka wameinama. Walikuwa hatua tano kutoka kwenye boza pikipiki ilipozima nyuma yao.

"Kifundo kimepona?" Kocha aliuliza.

Bastola yake ilikuwa imetulia. Jasho lilikuwa limelowesha kola. Wale wawili waliacha nyavu, wakaanza kuja.

"Kimepona," Shangazi alisema. "Mlima una dawa."

"Nilikuwa nimekupenda, ujue. Watu wote mlimani walikupenda."

"Na wewe wanakupenda. Ndiyo shida."

Juu, kwa mbali, injini.

Kocha hakutaka kuangalia juu. Lakini mtu aliyeingoja ndege mwaka mzima hujikuta ameangalia.

Risasi mbili. Shangazi alikuwa ameshachomoa bastola ya Tofali. Ya kwanza ilimpata bega, ya pili mkono ulioshika bastola, akaanguka. Binti alikuwa ameshapanda kwenye boza. Gia ililia, likang'oka, likawaelekea wale wawili, nao wakagundua kwamba hakuna mtu mwenye akili anayefyatulia risasi boza la mafuta. Wakatupa bunduki, wakakimbilia miti.

Kikosi kiliwaokota jioni.

"Katikati," Shangazi alipaza sauti. "Lilaze kwa mapana. Shuka."

Binti aliliweka kama anayepima kwa rula. Shangazi alitoboa matairi sita kwa kisu, kila moja likapumua na kukaa.

Ndege ilitokea juu ya miti, ya kijivu, bila maandishi, magurudumu yameshuka. Ilikuja chini hadi nyasi zikalala.

Ikaona.

Ikanyanyuka, tumbo likikaribia kulamba paa la boza, ikageukia magharibi.

Thuraya ililia.

"Jeti zetu mbili zimeikamata," Mjomba alisema. "Inasindikizwa kutua. Na binti?"

"Sasa unamuulizia."

"Shangazi."

"Yu hai. Anahitaji daktari, na kiatu."

Saa kumi alasiri kikosi kiliwafikisha langoni. Mama hakupiga kelele. Alifungua mfuko, akatoa gauni lililopigwa pasi, akamfunika nalo mwanawe mabegani juu ya uchafu wote, akaanza kumfungia vifungo kimoja baada ya kingine kama anayempeleka shule. Alikosea, akafungua, akaanza upya.

Binti alimtazama Shangazi juu ya kichwa cha mama yake.

"Nilikuwa nawasikia. Kila siku. Filimbi, halafu jina langu, halafu kimya."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nawajibu. Kila mkinyamaza, najibu. Halafu mnaondoka. Mbona mlikuwa mnaondoka?"

Shangazi alikuwa amehojiwa na watu wenye nyaya za umeme mkononi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kigumu hivyo.

"Hatukuwa tunamaliza dakika," alisema.

Akachukua mkoba wake mapajani mwa mama, akawaacha.

Kwenye maegesho wale watu ishirini walikuwa wamesimama nusu duara, kofia mkononi, hawajui kilichotokea. Filimbi zao zilikuwa bado shingoni.

"Shangazi," mmoja aliita, "Kocha yuko wapi? Tunamngoja aseme neno la kufunga."

"Msimngoje."

Akapita katikati yao bila kupunguza mwendo, akipangusa udongo kwenye makalio, akaingia kwenye gari na kuwasha injini.